Nilivyopeleka udongo wa polda kupimwa bakteria: yuro 387 na nilichokipata

Kunde zangu ndizo zilizonipeleka maabara. Nilinunua kilo moja ya kunde kavu kwenye duka la vyakula vya Kiafrika kule Almere, nikachambua punje nzima, na mwishoni mwa Mei mwaka jana nikazipanda ndani ya kibanda cha nailoni kwenye bustani ninayokodi hapa Lelystad, Uholanzi, juu ya polda, yaani ardhi iliyokaushwa kutoka chini ya maji. Nje ya nailoni kunde haina maisha huku, baridi inaiua. Zikaota vizuri, zikafika urefu wa shubiri, kisha zikagoma. Majani ya chini yakaanza kugeuka njano, yakafuata ya kati. Nikang'oa mche mmoja na kuusuuza mizizi ndani ya ndoo. Mizizi ilikuwa myeupe, safi, haina hata kinundu kimoja.

Mtu aliyekulia Pemba jambo hilo linamshtua. Kwetu mtoto yeyote aliyewahi kutumwa kung'oa kunde anavijua vile vijipele vya mizizini. Hatukuvipanda wala hatukuvinunua, vilikuwepo tu, kama mchanga ulivyo pwani. Ndani yake wanaishi bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuilisha kunde, na kunde nayo inawalisha sukari. Aliyewatenga kwa mara ya kwanza ni Martinus Beijerinck, mwaka 1888, mjini Delft, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka kwenye kibanda changu.

Kabla ya kutoa pesa nilihakikisha kwanza kwamba tatizo si chuma. Udongo wetu hapa una chokaa nyingi, na kwenye udongo wa namna hiyo upungufu wa chuma ni wa kawaida. Lakini chuma kikikosekana majani machanga ndiyo huanza, tena mishipa ya jani hubaki kijani. Zangu zilianzia majani makongwe, na jani lilipauka lote. Ile ilikuwa njaa ya naitrojeni, kwenye ardhi ambayo kila mtu anaisifu kuwa miongoni mwa bora Ulaya kwa viazi na vitunguu. Ndipo nikataka kujua ni nani hasa anaishi ndani ya udongo huu.

Huduma niliyoinunua ni ya posta. Unaagiza kwenye intaneti, wanakuletea boksi lenye bomba la chuma la kuchotea, mifuko, fomu na maelekezo. Sampuli moja ni yuro 89, na humo mna kemia ya kawaida (chumvi, chokaa, mboji, na pH, yaani kipimo cha uasidi: ikishuka, asidi imezidi) pamoja na kile wanachokiita uhai wa udongo: uzito wa bakteria, uzito wa kuvu, na kasi ya udongo kupumua, yaani kiasi cha hewa ya ukaa kinachotoka humo. Ukitaka orodha ya bakteria kwa njia ya DNA unaongeza yuro 60 kwa sampuli. Nilipeleka sampuli tatu, mbili nikaziongezea DNA. Jumla yuro 387. Ni pesa nyingi kwa mtu anayelima mita za mraba 150, na ndiyo maana naandika kwa urefu, ili mwenzangu asitoe kabla hajajua anachonunua.

Jina la maabara siliandiki. Maabara kadhaa hapa zinauza kipimo cha aina hii, na ninayotaka kuyasema yanahusu kipimo chenyewe kuliko duka moja.

Sasa lazima nieleze ardhi yenyewe, maana bila hilo majibu yangu hayasomeki.

Mama yangu alizaliwa 1954. Ardhi ninayolima ilizaliwa 1957. Kabla ya hapo ilikuwa sakafu ya maji. Zamani hapa paliitwa Zuiderzee, ghuba ya bahari ya chumvi iliyoingia hadi katikati ya nchi. Tarehe 28 Mei 1932 Waholanzi walilifunga tuta la Afsluitdijk, kilomita 32, bahari ikakatwa, na mto IJssel ukaisukuma chumvi nje kidogo kidogo mpaka ghuba ikawa ziwa la maji matamu. Kisha wakaanza kuzungushia matuta vipande vya ziwa hilo na kuyavuta maji kwa pampu. Noordoostpolder ilikauka 1942, upande wetu wa mashariki wa Flevoland 1957, upande wa kusini, ambako Almere imejengwa, 1968. Polda, ndivyo vinavyoitwa vipande hivi. Nikisimama bustanini mwangu niko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari, na pampu zinafanya kazi mpaka leo.

Maji yalipotoka hawakukimbilia kupanda viazi. Kilichobaki kilikuwa uji wa tope usiobeba hata mguu wa mtu. Walimwaga mbegu za matete kwa ndege, wakayaacha matete yanyonye maji, mizizi ipasue tope, hewa ipate pa kupita. Hatua hiyo wanaiita kuiva. Udongo unaiva, kama embe. Nililisikia neno hilo mara ya kwanza kwa mzee wa kipande cha jirani, mkulima mstaafu aliyevuka miaka themanini, na tangu siku hiyo sijapata neno bora zaidi la kulieleza jambo hili.

Kwa sababu wanaoivisha ni bakteria, kwa zamu.

Tope la chini ya bahari halina hewa, isipokuwa utando mwembamba wa juu. Bakteria wanaoishi humo hawatumii oksijeni, wanapumua kwa salfeti, chumvi yenye salfa, nayo imejaa tele kwenye maji ya bahari. Wanachokitoa ni ile hewa yenye harufu ya mayai viza, na hewa hiyo ikikutana na chuma inakuwa salfaidi, na tope linakuwa jeusi. Hao nao Beijerinck huyohuyo ndiye aliyewatambulisha, mwaka 1895. Maji yakivutwa, nyufa zinafunguka na oksijeni inaingia. Kwa wenyeji wa zamani oksijeni ni sumu. Wengine wanakufa, wengine wanabaki hai kule chini maji yalikojificha. Juu yao wanaingia wageni wanaoila ile salfaidi iliyoachwa na kuigeuza asidi ya salfuriki.

Hapo ndipo shamba linapopona au linapokufa. Tope la Flevoland lina chokaa nyingi. Asidi inakutana na chokaa, inageuka jasi, na jasi inaufanya udongo wa mfinyanzi ukatike chembechembe badala ya kushikamana kama ugali uliolala. Pale ambapo chokaa haipo, asidi inabaki asidi. Udongo unapata madoa ya njano na mazao hayashiki. Uholanzi ina sehemu za namna hiyo, na wakulima wanauita udongo huo katteklei, udongo wa paka. Wasomaji wangu wa pwani, hili mlishike, nitalirudia mwishoni.

Wakati huohuo amonia iliyorundikana kwenye tope inachukuliwa na makundi mengine mawili: la kwanza linaigeuza naitraiti, la pili linaipeleka mpaka naitreti, naitrojeni ambayo mmea unaweza kuila. Polda changa zilikuwa na naitrojeni ya bure kwa miaka ya mwanzo kwa sababu hiyo. Kisha inakuja kazi ya polepole. Mizizi inaoza, mboji inajengeka, kuvu wanaingia. Nyungunyungu hawakuwepo kabisa, na wakiachwa wenyewe wanasogea mita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo kwenye polda hizi watu waliwapeleka kwa makusudi katika bustani za matunda na malisho. China, pwani ya Jiangsu, ambako bahari imesukumwa nyuma kwa awamu nyingi, watafiti wanachukua udongo wa mashamba ya umri tofauti na kuyapanga kwa kuzaliwa, kama ndugu. Picha inayojirudia ni kwamba chumvi inashuka, mboji inapanda, na bakteria wa chumvi wanawaachia nafasi bakteria wa shambani.

Hayo nikiwa nayo kichwani, nilichagua sampuli tatu. Ya kwanza udongo wa juu wa bustani yangu, sentimita 25 za mwanzo. Ya pili bustani ileile, mita moja na zaidi kwenda chini. Ya tatu rafiki yangu wa Mombasa aliniletea kutoka nyuma ya nyumba yake Beemster, polda iliyokaushwa kwa vinu vya upepo mwaka 1612. Mdogo wa miaka sitini na kitu, kaka yake wa miaka mia nne.

Shimo tulichimba Jumamosi ya pili ya Julai, mimi na mzee wa jirani, yeye akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuniongoza kwa kidole. Sentimita thelathini za juu zilikuwa za kahawia, zinamong'onyoka mkononi, zimejaa mizizi myembamba. Chini yake udongo ukawa wa kijivu wenye michirizi ya kutu inayoshuka wima. Mzee akasema hiyo ni njia ya mizizi ya matete. Matete yamekufa zamani, lakini kila mzizi ulileta hewa, na chuma kikashika kutu pale hewa ilipopita. Nikaingiza kidole gumba, michirizi ilikuwa migumu kuliko udongo unaoizunguka. Kwenye nusu mita tukakuta makombe, mengine bado yamefumba pande mbili, kama yalivyokufa.

Kisha sepetu ikazama bila nguvu. Udongo ulikuwa wa buluu ya kijivu, laini kama sabuni iliyolowa, na chini zaidi, maji yakianza kuchuruzika, mweusi kabisa. Nikachota donge moja na kulipasua. Harufu ile. Nilikuwa mikokoni nyuma ya nyumba ya bibi, maji yamekupwa, matope yamefika magotini, miaka mingi imepita na kilomita maelfu, na harufu ni moja. Nilikaa chini pale pale. Mzee hakusema kitu, alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Nikaliacha donge kiganjani, na kabla chai haijaisha upande uliokuwa wazi ulikwisha kubadilika, weusi umekuwa kijivu. Oksijeni inafanya kazi mbele ya macho. Ile kazi iliyochukua miaka kwenye shamba zima niliiona mkononi kwa muda wa kikombe cha chai. Nikadondosha siki juu yake, ikatoa povu. Chokaa ipo.

Kuchota sampuli ya juu ni rahisi. Maelekezo yanataka matobo yasiyopungua ishirini yaliyotawanyika bustani nzima, uchanganye kwenye ndoo safi, utoe nusu kilo. Hilo wamelieleza vizuri, na bomba lenyewe ni zuri, linaingia hata kwenye udongo mgumu. Tatizo ni safari. Niliweka boksi posta Alhamisi, likafika kwao Jumanne, katika siku za joto kali. Hakuna barafu ndani ya boksi. Udongo wenye uhai ukikaa siku tano kwenye mfuko wenye joto, waliomo wanaendelea kula, kuzaa na kufa. Mtu anayelipia kuhesabiwa uhai ana haki ya kuambiwa hilo kabla, na katika karatasi nne za maelekezo hakukuwa na mstari mmoja kuhusu siku ya kutuma wala ubaridi. Majibu waliyoahidi baada ya wiki tatu yalikuja wiki ya sita.

Ripoti inapendeza kwa macho. Kila kipimo kina mstari wa rangi, nyekundu hadi kijani. Udongo wangu wa juu: pH 7.5, chumvi hakuna ya kutaja, bakteria kijani, kuvu rangi ya machungwa, kupumua kijani. Udongo wa Beemster: bakteria kijani, kuvu kijani, mboji zaidi ya mara mbili ya yangu. Udongo wangu wa chini: nyekundu tupu, na maandishi "maisha duni sana".

Hapo ndipo nilipokasirika. Fomu yao haiulizi ardhi ilitoka baharini lini. Haiulizi kina. Kompyuta imelichukua tope la mita moja kwenda chini na kulilinganisha na wastani wa udongo wa bustani, kisha ikanishauri niliongezee mboji. Lakini orodha ya DNA ya sampuli hiyohiyo ilikuwa imejaa familia ambazo majina yao yanaanza na Desulfo, wale wapumua salfeti. Bado wapo. Maji yameondoka miaka sitini na kitu, juu yao kumepita matete, ngano na vitunguu vyangu, na wao wako palepale kwenye maji yao yasiyo na hewa. Hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko mengine yote kwenye ripoti, na ripoti haikusema neno juu yake.

Nitoe tahadhari moja kuhusu orodha hiyo. DNA ya bakteria aliyekufa inaweza kubaki udongoni muda mrefu, hasa kwenye mfinyanzi, kwa hiyo jina kuwemo si ushahidi kamili kwamba mwenyewe yu hai. Kile kipimo cha uzito ni tofauti: wanapima mafuta ya utando wa seli, ambayo huoza upesi seli ikifa, kwa hiyo kinawahesabu zaidi walio hai. Vipimo hivyo viwili vinajibu maswali mawili, na kwenye ripoti vimewekwa ukurasa mmoja kana kwamba ni swali moja.

Na Beemster je? Ningependa sana kusema kwamba miaka 345 ya ziada ndiyo iliyowaleta kuvu. Siwezi. Rafiki yangu alichota chini ya nyasi ambazo hazijapigwa jembe tangu ahamie pale, na mimi naifukua bustani yangu kila masika. Jembe linakata nyuzi za kuvu, nyasi zinazilea. Umri umechanganyika na matumizi. Watafiti makini wanaofananisha mashamba ya umri tofauti hutafuta yanayolimwa kwa namna moja ndipo walinganishe, na mimi sikufanya hivyo. Kosa hilo ni langu. Ningechota kwenye bustani ya mboga ya jirani yake ningepata zaidi kwa pesa ileile.

Swali lililonileta, la kunde, lilikosa jibu. Bakteria ni kijani, wengi kupita wastani, na kunde zangu zinakufa njaa. DNA ilionyesha familia wanamotoka bakteria wa kunde, lakini imeishia kwenye familia. Ni sawa na kuambiwa kwamba kwenye mtaa ule wanaishi watu wa ukoo fulani, wakati wewe unamtafuta fundi mmoja anayejua kazi moja. Nilichojifunza kwa yuro zote hizo ni kwamba idadi ya bakteria peke yake haisemi kitu. Ni nani, anafanya kazi gani, na ameingia hapo lini. Bakteria wa kunde hawajawahi kuwa na sababu ya kufika Flevoland. Kunde si zao la huku, na sakafu ya bahari haikuwa na kunde.

Niliwapigia simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole na alinisikiliza kwa zaidi ya nusu saa. Alikubali kwamba sampuli ilipata joto, akanipa kipimo cha pili bure, na akaniruhusu niupeleke udongo kwa mkono wangu. Nikaupeleka Oktoba, ndani ya boksi la ubaridi. Safari hii kupumua kulishuka sana na bakteria walipungua kiasi. Ni joto la posta lilikuwa limepandisha hesabu ya kwanza, au ni msimu? Haiwezekani kutenganisha. Kwa hiyo ukitaka kufuatilia udongo wako mwaka hadi mwaka, chagua mwezi mmoja usioubadilisha, tuma Jumatatu, na weka barafu hata kama hawajakuambia.

Kuna kitu kimoja kwenye ripoti ambacho ningewaomba wakiondoe: tangazo la chupa ya maji yenye bakteria, yuro 34, chini ya mstari wa rangi ya machungwa. Sikuinunua. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kina bakteria wengi kuliko watu wa nchi nzima, na mgeni anayemwagwa juu yao kwa chupa hana nyumba wala chakula. Mara nyingi anatoweka. Bakteria wa jamii ya kunde ni kesi nyingine, kwa sababu mmea wenyewe unamfungulia mlango na kumjengea chumba.

Hao ndio niliowanunua. Pakiti ya unga mweusi wa mboji yenye bakteria wa kunde, nilipata kwa muuza mbegu wa mtandaoni kwa yuro 12. Angalia sana maandishi ya pakiti: ile ya soya ndiyo iliyozagaa Ulaya, na kwa kunde haifai. Mwezi Mei mwaka huu nililowesha mbegu kwa maji yenye sukari kidogo, nikazipaka unga kivulini, nikapanda saa ileile maana jua linawaua. Wiki ya sita niking'oa mche mmoja kwa hofu, vinundu vilikuwepo. Havikuwa vingi kama vya Pemba. Nikakata kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa cha waridi kama nyama ya samaki mbichi. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu. Wiki hiyo nilipika majani ya kunde kwa nazi, na nilimpelekea mzee bakuli.

Kwa hiyo, nunua au usinunue? Kemia ya kawaida nunua, hata kwa maabara nyingine, bei yake peke yake ni ndogo zaidi na utaitumia miaka mitano. Kipimo cha uhai nunua mara moja tu, na kama una sehemu mbili za kulinganisha zinazolimwa sawasawa. DNA iache, isipokuwa una mtu wa kukusomea orodha. Na kabla ya vyote chimba shimo la mita moja. Sepetu na siki vilinieleza nusu ya niliyoyalipia.

Nimebakiwa na la kaka yangu. Bonde letu la mpunga kusini mwa Pemba limeanza kuingiwa na maji ya chumvi, na vijana wa kijiji walikuwa na mpango wa kuziba hori kwa tuta, wakaushe na ukingo wa mikoko wapanue shamba. Alinitumia sauti usiku: "Dada, huko mlipo watu wanalima bahari. Nikuletee udongo wetu upimwe?" Kuingiza udongo Ulaya kutoka nje kwa kawaida hakuruhusiwi, na kwa swali lake maabara haihitajiki. Nilimwambia achukue tope sehemu tatu: bonde la juu, bonde la chini linaloingiwa na chumvi, na ukingo wa mikoko. Kila moja alitandaze kwenye sahani kwa unene wa kidole, aliweke kivulini, aliloweshe kwa maji ya mvua liwe na unyevu bila kuogelea, wiki nane. Apime pH siku ya kwanza na siku ya mwisho kwa vikaratasi vya rangi. Mikoko inaotea kwenye tope la salfaidi, na pale pasipo na chokaa ya kutosha bakteria waila salfaidi watafanya ndani ya sahani kile watakachofanya shambani. Ikishuka chini ya 4, hilo ni tope la asidi, na kulikausha ni kuliua.

Picha zilikuja wiki iliyopita, sahani tatu juu ya ukuta wa baraza, vikaratasi vimepangwa mbele yake. Bonde la juu halikusogea, liko kwenye 6. Bonde la chini limeshuka kidogo hadi 5 na kitu. Tope la mikoko lilianza kwenye 7, sasa kikaratasi ni chekundu, na kwenye ufa wa tope lililokauka pembeni mwa sahani kuna madoa ya njano. Nilimpelekea mzee wa jirani simu aone. Akavaa miwani, akaitazama sahani ya tatu kwa muda mrefu, akasema neno moja: katteklei. Kaka anasema tuta sasa litajengwa nyuma ya mikoko, upande wa nchi kavu, na kule chini hakuna atakayegusa.